Kuchagua Programu za Bure za Kupima Mitandao Isiyotumia Waya
Mazungumzo na wenye nyumba za wageni, kambi na shule, Karatu na Ngorongoro

Nimeombwa nizungumze kuhusu jambo ambalo kwa jina linaonekana ni la mafundi peke yao, yaani programu za kupima na kuchunguza mitandao isiyotumia waya. Naomba mnivumilie kidogo, maana nina hakika kwamba jambo hili linagusa mfuko wa kila aliyemo humu ndani kabla ya kumgusa fundi.

Nianze na nyumba moja ya wageni iliyopo hapa mjini. Mwenyewe ameniruhusu nisimulie, kwa sharti kwamba nisiitaje. Ni mama mwenye vyumba 12. Mgeni wake anaposhuka kwenye gari, akiwa bado ana vumbi la njiani, humwuliza nywila ya waifai kabla ya kuuliza maji ya moto. Mwaka jana, msimu wa wageni ulipopamba moto, malalamiko yalikuwa yale yale kila jioni: intaneti inakatika, picha hazipandi, simu za video zinaganda. Mama yule akapandisha kifurushi. Malalamiko yakabaki. Akabadilisha mtoa huduma, yakabaki. Akashauriwa anunue ruta ya pili, kisha ya tatu, na kila moja alilipia pamoja na ufundi wa kuifunga. Nilipomtembelea nikiwa na simu yangu ya kawaida, yenye programu ya bure isiyozidi ukubwa wa picha chache, nilizunguka vyumba vyote kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai. Ruta zote tatu zilikuwa zinatumia chaneli moja, namba 6, pamoja na ruta za majirani wanne. Ruta kubwa kuliko zote ilikuwa imewekwa nyuma ya jokofu la mapokezi. Tulipochomeka kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye kifaa cha mtoa huduma, kasi ilikuwa ile ile aliyoilipia.

Mama yule hakuwa mzembe wala mjinga. Alikuwa amenunua dawa mara tatu pasipo kupimwa ugonjwa. Tulibadilisha chaneli za ruta mbili, tukaitoa ile kubwa nyuma ya jokofu na kuiweka juu ukutani kwenye korido. Hatukulipa hata shilingi.

Msinielewe kwamba nimekuja kuwatetea watoa huduma. Nimeliona pia tukio la kinyume chake: shule moja ya sekondari ambako mawimbi ndani ya maabara ya kompyuta yalikuwa mazuri kupita kiasi, lakini njia ya kutoka shuleni kwenda nje ilikuwa inazimika kila siku saa za masomo ya jioni. Walimu walikuwa wameambiwa, na fundi aliyetumwa kwao, kwamba tatizo ni ruta yao kuukuu. Wakaanza kuchangishana fedha za ruta mpya. Kipimo kiliwaokoa na mchango huo, kisha kikawapa cha kushika mkononi walipokwenda kudai haki yao.

Kwa hiyo kila anapowaambia mtu kwamba intaneti ni mbovu, ulizeni: ubovu uko upande upi wa ruta? Upande wa ndani ni hewa ya nyumba yako, ambayo ni wajibu wako wewe. Upande wa nje ni njia ya mtoa huduma, ambayo umeilipia na una haki ya kuidai. Programu ninazozizungumzia leo hazina kazi iliyo kubwa kuliko kukutenganishia pande hizo mbili.

Sasa nizungumze kuhusu neno "bure", kwa kuwa hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

Kuna programu ambazo ni bure na pia ni huria. Huria maana yake ni kwamba maandishi ya ndani ya programu, ambayo mafundi huyaita msimbo chanzo, yako wazi kwa yeyote kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa, kwa leseni inayotambulika. Kuna nyingine ambazo ni bure kwa bei tu: unaruhusiwa kuzitumia, lakini mwenyewe anabaki na ufunguo, na siku akiamua kuzitoza au kuziacha zife, huna la kufanya. Halafu kuna za namna ya tatu, ambazo ni za kulipia lakini mtu amezivunja kufuli na kuzisambaza kwa flashi. Za namna hii tuziite kwa jina lake, nazo ni za wizi.

Tofauti kati ya namna mbili za kwanza si ya kinadharia. Miaka ya mwanzo ya karne hii, aliyetaka kupima waifai kwa kompyuta ya Windows karibu lazima angetajiwa programu ya NetStumbler, kazi ya Marius Milner. Ilikuwa bure, nyepesi, na iliwafundisha wengi. Lakini msimbo wake haukuwa wazi. Toleo lake la mwisho, 0.4.0, lilitoka mwaka 2004. Windows ilipobadilika, NetStumbler ikabaki nyuma, na hapakuwa na mtu mwingine mwenye uwezo wa kuisogeza mbele. Ilinganisheni na programu iliyoanzishwa mwaka 1998 na Gerald Combs kwa jina la Ethereal. Mwaka 2006 Combs alihama kazi, na jina lile likabaki kuwa mali ya waajiri wake wa awali. Jina lilibaki, lakini kwa kuwa programu ilikuwa huria, kazi yenyewe alihama nayo. Akaipa jina jipya, Wireshark, na hadi leo inahuishwa na watu wa mataifa mengi. Programu ya bure inaweza kufa pamoja na mwenyewe. Ile iliyo huria huwa na warithi.

Kuhusu zile za wizi, nina ushahidi wangu mwenyewe. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilipewa kwa flashi programu ya kuchora ramani ya nguvu za mawimbi, ya kulipia, ikiwa "imeshafunguliwa". Ili iingie, maelekezo yalinitaka kwanza nizime kinga ya kompyuta. Nilizima. Ramani niliipata, tena nzuri ya rangi, na baada ya siku chache kila faili la kazi zangu likawa halifunguki. Nilirudia kuandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo kutoka kwenye daftari. Tangu siku hiyo nina kanuni moja ambayo sijaivunja: programu yoyote inayonitaka nizime ulinzi ili iingie, haiingii.

Na kwa ninyi wenye biashara nina tahadhari nyingine ndogo ambayo wengi hawaisomi. Zipo programu zinazotolewa bure "kwa matumizi ya nyumbani" tu. Nyumba ya wageni si nyumbani kwa maana ya leseni hizo, hata kama unalala humo humo. Soma mstari huo kabla ya kupakua. Programu huria kwa kawaida hazina kikwazo hicho, jambo ambalo kwa wenye kambi na hoteli ni sababu tosha ya kuzianza hizo kwanza.

Tuingie kwenye uchaguzi wenyewe. Msianze kwa kuuliza programu ipi ni bora. Anzeni kwa kuandika swali mnalotaka lijibiwe, kisha tafuteni programu inayojibu swali hilo pekee.

Kama swali ni "kwa nini chumba cha mwisho hakipati waifai?", simu janja ya Android inatosha. Ninayoitumia mimi inaitwa WiFiAnalyzer, iliyotengenezwa na VREM Software. Ni huria, haina matangazo, na haiombi ruhusa ya kuingia intaneti, hivyo haina njia ya kupeleka nje kile inachokiona. Angalieni jina la mtengenezaji, maana dukani kuna programu lukuki zenye jina linalofanana na hilo, na baadhi zimejaa matangazo kuliko vipimo. Itakapowaomba ruhusa ya kujua mahali mlipo, msishtuke. Android huitaka ruhusa hiyo kwa kila programu inayosoma orodha ya mitandao ya waifai, kwa sababu orodha hiyo yenyewe inaweza kuonyesha mtu yuko wapi. Programu inayostahili kutiliwa shaka ni ile ya kupima waifai inayoomba kusoma ujumbe wako mfupi na majina ya watu unaowasiliana nao.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni namba kuonekana zimesimama. Tangu Android 9, simu haimruhusu mpimaji kukagua hewa zaidi ya mara nne katika dakika mbili. Ukitembea haraka kutoka chumba hadi chumba, utakuwa unasoma kipimo cha chumba ulichokwisha toka. Simameni kila mahali nusu dakika au zaidi ndipo mwandike. Kuanzia Android 10 kizuizi hicho kinaweza kuzimwa kwenye mipangilio ya wasanidi, lakini kwa kazi yetu subira inatosha.

Wenye iPhone wana njia nyembamba zaidi, kwani Apple haiziruhusu programu za wengine kuorodhesha mitandao ya jirani. Ipo hata hivyo programu ya Apple wenyewe, AirPort Utility, ambayo ni bure na ina kipimo kilichofichwa. Hufunguliwa kwenye mipangilio ya simu chini ya jina la programu hiyo. Na wenye kompyuta za Windows wanacho kitu ndani tayari pasipo kupakua lolote: wakifungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika netsh wlan show wlanreport, kompyuta itatengeneza ripoti ya siku tatu zilizopita, ikionyesha kila mara waifai ilipounganika na ilipokatika, pamoja na sababu. Nimeshangazwa na idadi ya mafundi wasioijua.

Mkishaipata programu, mtakutana na namba zenye alama ya kutoa mbele na herufi dBm nyuma. Namba hiyo ni nguvu ya mawimbi yanayokufikia. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo na nguvu. Ukiwa karibu na ruta utaona kama -35. Kwenye -67 simu ya video bado inakwenda vizuri. Ikishuka hadi -80 mgeni ataanza kuja mapokezi, na kwenye -90 hakuna mtandao wa kutegemewa, hata kama jina lake linaonekana kwenye orodha. Kumbukeni kwamba namba hizi hazishuki kama bei sokoni. Kushuka kwa 3 ni kupoteza nusu ya nguvu, na kushuka kwa 10 ni kubakiwa na sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo tofauti kati ya -60 na -80 ni kubakiwa na sehemu moja ya mia.

Halafu kuna chaneli. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ruta nyingi za bei nafuu huyatumia, chaneli zinapishana kwa megahezi 5 tu ilhali kila mtandao unahitaji upana wa takribani megahezi 20. Matokeo yake ni kwamba chaneli zisizogongana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Fundi anayekuwekea chaneli 3 kwa hoja kwamba "haina mtu" amekuweka katikati ya magomvi ya 1 na ya 6. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa zaidi, lakini hupenya ukuta kwa shida. Hapa Karatu nimeona nyumba za tofali za kuchoma na kuta za mawe ambamo gigahezi 5 haivuki vyumba viwili. Katika kambi za mahema hali ni tofauti kabisa: turubai kavu karibu halizuii kitu, na ruta moja iliyowekwa vizuri inaweza kuhudumia mahema kadhaa. Mabati nayo hurudisha mawimbi kama kioo, kwa hiyo ruta iliyofungwa juu ya dari, kati ya mbao na bati, huwa inahubiria bati.

Nahitaji kuwa mkweli kuhusu visivyoonekana kwenye simu hizi. Zinaona mitandao ya waifai tu. Oveni ya maikrowevu ya jikoni hutoa mawimbi ya karibu gigahezi 2.45 na inaweza kuvuruga waifai kila saa ya chakula, lakini simu haitaionyesha, kwa sababu oveni haina jina la mtandao. Vilevile simu hukuonyesha mitandao mingapi iko kwenye chaneli, bila kusema ni upi una kazi nyingi. Majirani watano waliolala hawana usumbufu kama jirani mmoja anayetazama mpira.

Kama swali lako ni la pili, yaani "je, tatizo ni hewa yangu au njia ya mtoa huduma?", programu ya kuorodhesha mitandao haitakujibu. Hapo napendekeza iperf3, ambayo ni huria. Huwekwa kwenye kompyuta mbili ndani ya nyumba yako, moja ikiwa imechomekwa kwa waya kwenye ruta, nyingine ikiwa kwenye waifai. Inapima kasi kati yao bila kutoka nje wala kula bando. Ikikuonyesha kwamba ndani kuna kasi mara kumi ya ile unayonunua, na bado wageni wanalalamika, elekeza macho nje. Ikionyesha kasi ndogo ndani, usimpigie mtoa huduma. Tafuta ukuta, jokofu au chaneli. Simu mbili zinaweza kufanya kazi hiyo pia, japo kipimo chake hakitakuwa kizuri kama cha kompyuta yenye waya.

Kwa swali la tatu, "hukatika lini?", jibu ni amri ya ping iliyomo ndani ya kila kompyuta, ikiachwa inaendeshwa siku nzima na matokeo yakihifadhiwa. Iendesheni mara mbili kwa wakati mmoja: moja ikiuliza ruta yenu, nyingine ikiuliza anwani iliyo nje. Zikinyamaza zote mbili, tatizo ni lenu. Ikinyamaza ile ya nje peke yake huku ruta ikiendelea kujibu, tatizo limevuka uzio wenu. Shule ile niliyoitaja ilitumia njia hii tu, haikuhitaji zaidi.

Wenye hoteli kubwa au shule zenye visambazaji vingi vya mawimbi wanaweza kupanda ngazi, wakaweka programu ya kuangalia vifaa vyote kwa pamoja. Zabbix na LibreNMS ni huria. The Dude ya MikroTik ni bure kwa bei, na inawafaa zaidi wenye vifaa vya kampuni hiyo. Lakini nitasema ninavyoona: mwenye ruta mbili anayefunga Zabbix amenunua trekta kulima bustani ya sukumawiki. Inahitaji seva inayowaka usiku na mchana na mtu wa kuihudumia. Na hapa kwetu umeme unapokatika, programu hiyo itaandika kwamba mtandao ulikufa, kumbe ni ruta iliyokosa umeme. Kabla ya kufikiria programu ya namna hiyo, nunueni betri ndogo ya akiba ya ruta. Nusu ya "kukatika kwa intaneti" kunaweza kuishia hapo.

Ndugu zetu mnaotoka upande wa Hifadhi mna jiografia yenu. Ukiwa sakafuni mwa kreta umezungukwa na ukuta wenye kina cha takribani mita 600, na hakuna programu itakayokupa mawimbi ambayo mlima umeyazuia. Baadhi yenu mmeniuliza kuhusu kuunganisha kambi na ofisi ya mjini kwa antena za kuelekezana. Inawezekana, na umbali si adui mkubwa kama mnavyodhani. Mwaka 2007, kule Venezuela, Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha vilele viwili vilivyo umbali wa kilomita 382 kwa vifaa vya waifai vilivyorekebishwa. Waliweza kwa sababu kati ya vilele hivyo hapakuwa na kizuizi. Kwenu, msitu wa ukingoni ndio kizuizi. Wengi hulaumu mvua na ukungu, lakini kwa masafa haya mvua yenyewe hupunguza kidogo sana; majani yaliyolowa ndiyo hunywa mawimbi. Antena iliyopimwa wakati wa kiangazi kati ya matawi makavu itawasaliti masika. Pimeni majira yote mawili, au inueni mlingoti. Na mlingoti ndani ya Hifadhi una ruhusa zake kutoka Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, msianze kuchimba kabla ya kuuliza. Aidha, kuunganisha majengo yako mwenyewe ni jambo moja, na kuwauzia majirani intaneti ni jambo jingine. Hilo la pili ni huduma ya mawasiliano inayohitaji leseni kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Hapa nafika kwenye sehemu ambayo ningeomba vijana mliokaa nyuma mnisikilize kwa makini, kwa sababu najua mmekwisha pakua vitu vingine zaidi ya nilivyovitaja. Programu nilizozieleza hadi sasa husoma majina ya mitandao na nguvu zake, ambavyo ruta yenyewe huvitangaza kwa kila mtu. Ziko nyingine zinazokwenda ndani zaidi. Kismet husikiliza hewa pasipo kutoa sauti na kuorodhesha vifaa vilivyopo. Wireshark huonyesha pakiti moja moja ya data inayopita. Zote mbili ni huria, zote ni halali kuwa nazo, na zinafundishwa vyuoni. Kwa mtandao wako mwenyewe ni walimu wazuri sana. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya wengine na kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini, na sheria haiulizi kama programu uliyotumia ilikuwa bure. Kujaribu nywila ya jirani "kuona tu kama inafunguka" ni kosa.

Na ninyi wenye nyumba, mtandao kuwa wako hakuyafanyi mawasiliano ya mgeni kuwa yako. Mgeni aliyelipia chumba hakulipia kusomwa. Kuna mtu aliniambia kwa nia njema kwamba huwa anaorodhesha vifaa vyote vinavyoingia kwenye waifai yake pamoja na jina la mgeni na tovuti anazotembelea, ili awahudumie vizuri zaidi. Hizo ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu. Kwa kupima ubora wa huduma hahitaji jina la mtu yeyote. Isitoshe, simu za siku hizi hubadilisha namba zao za utambulisho kwa kila mtandao, hivyo daftari lake linaweza kumhesabu mgeni mmoja kama watatu.

Nimalizie na namna ya kutumia vipimo hivi mnapokuwa na malalamiko. Mtu anapoandika "intaneti yenu mbovu", mhudumu wa mtoa huduma hana pa kuanzia, na kusema kweli hana pa kubanwa. Andikeni siku na saa. Pimeni kwa waya, si kwa waifai, ili asipate nafasi ya kusema tatizo ni hewa yenu. Pimeni asubuhi, mchana na jioni, kwa siku saba mfululizo, kwa programu ile ile na kwa kompyuta ile ile, wakati hakuna mwingine anayetumia. Hifadhini picha za skrini. Ambatisheni mkataba au ujumbe unaoonyesha kasi mliyoilipia. Pelekeni kwanza kwa mtoa huduma wenyewe na mchukue namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Wengi huruka hatua hii kwa hasira, kisha lalamiko lao hurudishwa huko huko. Asipowapatia ufumbuzi, lileteni kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Kwa ukanda huu ofisi iko Arusha. Shule ile ilileta karatasi nne tu: jedwali la saa, picha mbili na nakala ya ankara. Katika kazi yangu nimesoma mafaili manene ambayo hayakuwa na hata namba moja ndani yake.

Nina simu na kompyuta mpakato hapa, na mwenye ukumbi ametuazima waya wa mtandao. Waifai ya humu ndani, kabla sijaanza kuzungumza, ilikuwa -52 hapa mbele na -81 pale mlangoni walipokaa wazee. Naomba watu watatu waje na simu zao, tuzunguke pamoja tujue kinachoizuia ni nini, kisha tutapokea maswali.